Yago Ndani ya Kaburi Langu

Jumatatu, tarehe 12 Julai 2010. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Kutoka nyumbani kwetu Kemambo tulizoea kuona vilima vya mawe vya mgodi, lakini siku hiyo havikuonekana. Yalisikika tu magari makubwa yakirudi nyuma na kulia pii, pii, pii.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, kidato cha pili. Baba yangu, Ogada, alinikuta jikoni nachochea moto wa uji.

"Mwalimu wangu," alisema. Aliniita hivyo tangu nilipoanza kumsomea barua zake. "Acha huo moto. Leo unasafiri."

"Kwenda wapi, Baba?"

"Mugumu, kwa shangazi yako Verdiana. Utasoma huko. Huku kwenu mnafundishwa na ubao tu."

Ilikuwa kweli. Shule yetu ya kata haikuwa na mwalimu wa hesabu tangu mwaka uanze, na nilikuwa nimesali novena, siku tisa kamili, nikimwomba Mungu anifungulie njia. Hiyo Jumatatu ilikuwa siku ya pili tu baada ya kuimaliza. Nilipiga magoti pale pale kwenye majivu. Nilimshukuru Mungu kwa jambo ambalo hakulitenda.

"Lete cheti chako cha ubatizo," Baba alisema. "Cha kuzaliwa huna, na shule ya huko wataulizia karatasi."

Nilileta bahasha. Ndani kulikuwa na vyeti viwili, changu na cha mdogo wangu Okal aliyekuwa na miaka saba. Baba alivitazama vyote viwili, akarudisha cha Okal. Changu alikikunja, akakitia mfukoni mwa shati.

"Si nisafiri nacho?"

"Kwanza nashughulikia uhamisho. Nitakuletea pamoja na barua."

Mama alinipakia nguo zangu bila kuniangalia. Nilipokuwa tayari alinipaka mafuta usoni, taratibu, kama anavyopakwa mtoto mdogo. Nilidhani ni uchungu wa kuagana. Sikujua mtu anaweza kukuaga akiwa anajua na wewe ukiwa hujui.

*

Shangazi Verdiana aliolewa Mugumu na ana genge la nyanya na dagaa pale sokoni. Alinipokea vizuri. Wiki ya kwanza aliniambia nipumzike. Wiki ya pili aliuliza barua ya uhamisho iko wapi. Wiki ya tatu alimpigia Baba simu mbele yangu, akaiweka sauti kubwa nisikie.

"Kaka, huyu mtoto anaoza hapa. Barua iko wapi?"

"Inakuja, dada yangu. Mwalimu mkuu amesafiri."

"Mwalimu gani anasafiri wiki tatu? Amekwenda kuhiji?"

Baba alicheka, kicheko chake kile cha kumfanya mtu asahau alichouliza, halafu simu ikakatika. Shangazi alinitazama kwa huruma, akanipa ndoo ya nyanya nizipange mafungu. Kila asubuhi nilivaa shati langu la shule ndani ya sweta, ili barua ikifika isinikute sijajiandaa. Sketi ya shule sikuwa nayo. Niliitafuta kwenye mfuko mara nyingi, nikafikiri Mama ameisahau kwenye kamba.

Katikati ya Agosti, saa nne asubuhi, nikiwa gengeni nilisikia mtu anapiga kelele.

"Mama yangu! Marehemu anauza nyanya!"

Alikuwa Agustina, binti wa Kikurya tuliyekaa naye dawati moja. Alikuja kumleta mama yake hospitali. Mdomo wake ulikuwa haujapungua makali.

"Marehemu nani?" nilimuuliza huku nacheka.

"Wewe. Tena marehemu wa heshima, mwenye msalaba wa saruji. Sisi wengine tukifa tutachomekewa kijiti."

"Agustina, acha ujinga."

"Haki ya Mungu. Felistas Adero Ogada, amefariki 2009. Nimesoma kwa macho yangu nikienda kuteka maji. Nikasema, huyu mwaka huu Juni aliniazima kalamu hajarudisha, amekufaje mwaka jana?"

Alikuwa bado anacheka, lakini aliponitazama usoni aliacha. Akaweka mkono begani kwangu.

"Kumbe hujui. Adero, baba yako ametegesha."

Neno hilo kila mtu wa kwetu analijua. Mgodi ukitaka kupanua eneo, wathamini huja kuandika kila kilichopo kwenye ardhi yako ili ulipwe fidia uhame. Kwa hiyo watu huwahi. Wanapandikiza mikonge usiku na mchana, wanainua vyumba vya bati visivyo na mtu, wanangoja wathamini waandike. Huko ndiko kutegesha. Na kaburi nalo lina fidia yake, mradi lionekane ni la zamani.

"Wengine wametegesha mikonge," Agustina alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako ametegesha wewe."

*

Shangazi alinipa nauli bila kuuliza mara mbili. Alikuwa amejishika kiuno na machozi yamemjaa. "Nenda ukaone kwa macho yako," alisema. "Na kama ni kweli, mwambie huyo kaka yangu nimemsalimia vibaya."

Nilifika nyumbani mchana. Mama alikuwa anaanika udaga wa muhogo nje. Aliponiona aliacha kila kitu, nikadhani atakuja kunikumbatia. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Usipite hapo langoni, nyathina," alisema. Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. "Simama huko huko nje ya ua wa minyaa."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Simama hapo."

Kupitia nafasi ya minyaa niliona kaburi. Lilikuwa pembeni ya lile la babu, dogo kidogo, saruji yake bado mpya, na jina langu limeandikwa kwa rangi nyeusi. Kuna mambo mtu anaweza kuyasikia akayabeba. Kusoma jina lako kwenye msalaba, na mama yako amesimama kando akiona kuwa unasoma, hilo sikuweza. Nilikaa chini barabarani.

Mama alinieleza kutokea kule kule ndani ya ua, akiongea haraka kama mtu anayeogopa kusikiwa. Mwanzo Baba alitaka alijenge tu juu ya udongo mtupu. Lakini ilisemekana wathamini safari hii wanachimbua, wanahamisha mabaki, na ukikutwa na shimo tupu unafungwa. Ndipo Baba akamwita mdogo wake, baba mdogo Omolo, kutoka upande wa Kenya. Omolo alisema kaburi likifungwa kwa desturi, hata likichimbuliwa hakuna wa kulipinga. Sisi Wajaluo mtu akipotea, akizama ziwani mwili usionekane, ndugu zake huzika tunda la yago mahali pake. Ni tunda refu, zito, kama mguu wa mtu, halina mlaji. Likishazikwa, mtu huyo amezikwa. Hata akirudi baadaye, hapokelewi kama aliye hai.

"Omolo alifanya kila kitu kama inavyotakiwa," Mama alisema. "Aliita jina lako mara tatu. Hukuitika."

"Nilikuwa Mugumu, Mama! Ningeitikaje?"

"Hukuitika," alirudia. Nikaelewa kuwa kosa lao lilikuwa limewazidi wenyewe. Walitaka kuwadanganya watu wa mgodi, wakatumia kitu wanachokiamini.

Aliniletea ugali kwenye sahani, akauweka chini nje ya lango, akaondoka kabla sijaushika. Okal alichungulia. Nilipomwita jina alikimbia akilia.

Baba alirudi jioni kabla jua halijazama. Alikuja mpaka langoni akitabasamu.

"Mwalimu wangu! Wamekwambia maneno mengi. Hizo ni karatasi tu. Tukishalipwa tutalifukua, nitachinja mbuzi, tutacheka wote."

Nilimnyooshea mkono kumwamkia. "Shikamoo, Baba."

Aliutazama mkono wangu. Hakuushika. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini mkono wake alikuwa ameuingiza mfukoni.

"Karatasi tu, Baba?"

Aligeuka kutazama kaburi.

"Kwa nini mimi? Mlikuwa na vyeti viwili."

Alinishangaa, kama nimeuliza swali ambalo jibu lake linajulikana na kila mtu. "Okal ndiye atakayebaki na boma hili. Nitamzikaje Okal?"

Sijawahi kupigwa na baba yangu hata siku moja. Siku hiyo nilitamani angenipiga tu, nikalia kwa sababu hiyo.

*

Nililala kwao Agustina. Asubuhi nilikwenda shule na shati langu na kanga kiunoni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Vicent, alikuwa hajasafiri popote tangu Juni. Alifungua daftari la mahudhurio, akanionyesha mstari uliopigwa juu ya jina langu.

"Baba yako alileta barua kwamba umehamia Mugumu. Nikamwambia aje achukue fomu za uhamisho, hakurudi. Sasa huku hupo na kule hupo."

"Nirudishe, Mwalimu. Nakuomba."

"Mzazi aje asaini. Mmoja tu anatosha. Bila hivyo siwezi, na majina ya mtihani wa kidato cha pili yanaondoka mwisho wa wiki ijayo. Baada ya hapo ni mwakani, kama kutakuwa na mwakani."

Nilirudi mbio. Baba alinisikiliza akiwa upande wake wa lango, mimi upande wangu.

"Alhamisi wathamini wanakuja," alisema. "Unataka leo nionekane shuleni naandikisha marehemu? Subiri nilipwe."

"Utalipwa lini?"

"Miezi. Mwaka. Wanajua wao."

"Mama aende basi."

Mama alikuwa nyuma yake. Alitazama chini.

Nilikwenda kanisani nikaketi benchi la mbele. Nilijaribu kusali Baba Yetu, nikakwama kwenye neno la kwanza. Nilianza tena mara nne. Kila nikisema Baba, nilimwona Ogada na mkono wake mfukoni. Mwishowe nilisema, Mungu, leo nitakuita Bwana tu, utanielewa. Nikaendelea kutoka hapo.

Katekista Nikolaus aliingia, mzee aliyenifundisha katekisimu na kuniandika kwenye kitabu cha wabatizwa. Nilimweleza yote. Alikuwa tayari anajua.

"Nitakuombea, mwanangu."

"Katekista, Alhamisi utakuwepo wakisoma majina ya makaburi. Waambie niko hai."

Alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Nina vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu," alisema. "Havina mtu. Havina hata sakafu. Nikifungua mdomo kwa Ogada, Ogada atafungua kwangu. Na hivyo hivyo kijiji kizima." Alinitazama kwa aibu ya kweli. "Nisamehe. Kuomba nitaomba."

Nilitoka nikiwa nimeelewa kwamba hakuna mtu mwingine wa kwenda kwake.

*

Alhamisi jua lilikuwa kali. Nilisimama nyuma ya minyaa ya jirani na Agustina. Watu walikuwa wamejaa kwetu: mthamini, ambaye ni kijana mwenye kofia na ubao wa karatasi, mtendaji wa kijiji, Katekista Nikolaus na kitabu chake cha sala, majirani wakubwa kwa wadogo. Baba mdogo Omolo alikuwa amevaa koti jeusi.

Waliandika kaburi la babu. Wakasogea.

"Felistas Adero Ogada," mthamini alisoma. "Cheti cha ubatizo kipo hapa. Nani anathibitisha?"

Baba alinyoosha mkono juu. "Mimi baba yake. Nilimzika kwa mikono hii."

Watu wote waliokuwepo walinijua. Jirani wetu Wangwe alinifundisha kuendesha baiskeli. Mkewe ndiye alinisuka nywele siku ya komunyo. Waliangalia miguu yao.

Agustina alinibana mkono. "Usiende, Adero. Watakuua kweli."

Nilipita langoni. Pale pale nilipokatazwa. Mama alitoa sauti ndogo, na watu wakaachia njia kama wameguswa na moto.

"Shikamooni," nilisema.

Hakuna aliyeitikia. Mthamini alinitazama, akaona shati la shule.

"Wewe ni nani, binti?"

Kabla sijafungua mdomo Baba alijibu. Alijibu vizuri, bila kubabaika. "Ni mtoto wa dada yangu, wa Mugumu. Amekuja likizo. Ana matatizo ya akili kidogo, msimsikilize."

Nilimtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa kipigo. Hilo sikulitegemea. Alikuwa ananiangalia usoni huku anasema, na macho yake hayakuwa na uadui wowote. Yalikuwa yananiomba nikubali.

Mthamini alimgeukia Mama. "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Huyu ni nani?"

Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Halafu akasema, "Mwulize baba yake," na akamwonyesha Ogada kwa kidevu.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Mthamini alimtazama Baba, akanitazama mimi, akarudi kwa Baba.

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nililichukua. Saruji ilikuwa nyembamba kama ganda. Ilipasuka kwa mapigo mawili.

"Wewe msichana, wacha!" Omolo alipiga kelele. "Hiyo kitu nilishafunga! Ukiifungua utaletea hii boma shida yote!"

"Boma lina shida tayari, Baba mdogo."

"Mimi nilifanya vile inafaa! Mzee aliniambia uko mbali!"

"Nilikuwa mbali. Sikuwa nimekufa."

Alirudi nyuma, hakuthubutu kunigusa. Hakuna aliyethubutu, na hilo ndilo lililonipa nafasi. Shimo halikufika hata magotini. Nilikuta shuka jeupe. Nililivuta na kulifungua mbele ya mthamini, na yago likaviringika, limeanza kulainika upande mmoja, linanuka. Lilikuwa limevalishwa sketi yangu ya shule. Imefuliwa, imepigwa pasi, kishikizo kimefungwa.

Nguo zangu alikuwa anazifua Mama. Nilimtazama, naye akaanza kulia kwa sauti, lakini hakusogea.

Mthamini alifunga ubao wake. "Boma hili nalisimamisha lote," alimwambia mtendaji. "Nyumba, mazao, kila kitu, mpaka tuchunguze. Na nikitoka hapa narudia majirani." Watu walinung'unika. Wangwe alisema kitu kwa Kikurya na kutema mate chini. Katekista Nikolaus alikuwa amefumba macho.

Baba aliketi juu ya kaburi la baba yake.

"Umetumaliza, Adero," alisema taratibu. "Nilikulea, nikakusomesha, umetumaliza."

Nilitikisa udongo kwenye sketi yangu, nikaivaa juu ya kanga. Ilikuwa na unyevu na inanuka lile tunda. Nikamwomba Bwana anishikilie sauti tu, mengine nitajitegemea. Nikasimama mahali ambapo kila mtu angenisikia.

"Baba, Mama, Baba mdogo, Katekista, na ninyi nyote mliopo, nisikilizeni. Mimi ni Felistas Adero, binti wa Ogada, na sijafa. Naahidi mbele yenu: kesho saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwa Mwalimu Vicent, na keshokutwa, na kila siku ya shule, mpaka mzazi wangu mmoja aje kusaini au mwalimu achoke kunifukuza. Na wewe Baba, siku Mungu akikuita nitakuja hapa kukulilia kwa jina lako. Ila kabla hawajafukia, nitatazama kwanza, nione kweli ni wewe."